Tulivyoufuata Mto Mpaka Maji Yakawa Chumvi

Wenzangu, kila mmoja ameniuliza kwa wakati wake: kisimani, kwenye mashine ya kukoboa, hata msibani kwa jirani ambako si mahali pa habari kama hizi. Nimechoka kusimulia vipande. Wa kwanza kapata habari ya matope, wa pili kapata ya harusi, na wa tatu anawatangazia watu kwamba tulizama. Hatukuzama. Kaeni niwaeleze yote tangu mwanzo.

Wengi mnamjua mume wangu, Athumani, mimi namwita Baba Rehema. Asiyemjua, ni yule mzee mrefu aliyekuwa akifanya kazi kwenye kivuko cha Ndundu, zamani, kabla daraja halijajengwa. Kazi yake ilikuwa kupanga magari na abiria, na sauti yake ilisikika kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati. Tangu tukiwa vijana alikuwa na neno lake: "Mama Rehema, mimi mto huu naukata tu. Naenda ng'ambo, narudi. Maji yanapita chini ya miguu yangu kila siku na sijui yanakwenda wapi." Tukakubaliana kwamba tukistaafu tutayafuata.

Hatukuyaacha yawe maneno ya kitandani. Kila msimu wa korosho, kabla ya sare za shule na kabla ya bati, tulitenga fungu la safari tukaliweka benki. Watu walicheka. Mnajua wenyewe, mstaafu akipata kiinua mgongo kila mtu ana mpango nacho: shemeji anataka basi dogo, mtoto anataka fremu ya duka, jirani anataka umkopeshe. Ukisema unataka kwenda kutembea, wanakutazama kama mtu aliyeanza kupotewa na akili.

Tukastaafu, na kabla hatujafunga hata begi, Baba Rehema akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, mdomo ukapinda, na ile sauti ikawa maneno yanayogongana. Fungu la safari likaishia hospitali karibu lote. Sikulisikitikia, mume wangu yu hai. Alipoanza kutembea kwa fimbo tukaanza upya: ufuta, kuku, mizinga ya nyuki nyuma ya nyumba. Kilichoniuma ni kwamba aliacha kusema mbele za watu. Mgeni akija, yeye anaingia chumbani. Msikitini anakaa safu ya nyuma, na swala ikiisha anatoka wa kwanza. Alizungumza na mimi tu, tena kwa maneno ya kuhesabika.

Fungu lilipotimia tena, binti yetu Rehema alikuja mbio kutoka dukani kwake.

"Mama, baba hashuki kwenye bajaji bila kushikwa. Unakwenda kumtia kwenye boti? Akianguka huko mikokoni, nani atamtoa?"

"Nitamtoa mimi."

"Wewe mwenyewe magoti yanakuuma!" Akamgeukia baba yake. "Baba, niambie ukweli. Unataka kwenda, au mama ndiye anayetaka?"

Baba Rehema akahangaika na mdomo wake. Kisha akasema neno moja: "Mimi."

Rehema akatoka bila kuaga. Kesho yake tuliondoka.

Kibiti hadi Ndundu

Mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja Nyamisati akapanda boti. Lakini Baba Rehema alitaka kuanzia pale alipoishia, yaani kivukoni. Tukapita Ikwiriri, tukashuka karibu na daraja, tukafuata njia ya miguu hadi ukingoni.

Pamebaki matete, na ardhi iliyoshindiliwa na magari ya zamani ambayo hadi leo haioti kitu vizuri. Mama mmoja alikuwa anakaanga perege kwa ajili ya wavuvi. Baba Rehema akasimama, akautazama mto, machozi yakamtoka. Toka augue machozi yanamjia upesi.

Yule mama akaacha kikaango chake. "Poleni sana, wazee wangu. Mmempoteza nani?"

"Hatujampoteza mtu, mwanangu. Tunautazama mto."

"Pole, mama," akasema kwa upole zaidi. "Usinifiche. Alichukuliwa na mamba?"

Kabla sijajibu alikwisha kuwaita wavuvi, wakaja wakiwa wamevua kofia, na mmoja akaanza kuomba dua. Mimi ikabidi nipokee mikono, nami nikaitikia amina, maana dua haikatwi katikati. Ilipoisha ndipo nikaeleza. Wakatazamana. Mvuvi mmoja akasema, "Kwa hiyo mmekuja tu? Hakuna aliyekufa?" Wakacheka mpaka perege wakaungua, na yule mama akakataa katakata kuchukua malipo ya samaki walioungua. Tuliwala hivyo hivyo kwa chumvi na ndimu.

Kuhusu kushuka mto kwa mtumbwi kutoka pale, walitukatalia. Maji yalikuwa madogo, mchanga umejitokeza, viboko wamejaa. "Nendeni Mohoro," wakasema. "Kule mtapata boti ya mashine."

Ndundu hadi Mohoro

Tulipata pikapu iliyobeba mabati na magunia matupu. Dereva alimweka Baba Rehema mbele, mimi nikakaa juu ya magunia na wanawake wawili waliokuwa wanarudi mashambani. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipoacha barabara ya lami haikuchukua muda gari likazama tope hadi kwenye ekseli. Tukashuka, tukasukuma, likatoka. Likazama tena. Mara ya tatu dereva akazima injini, akakaa chini ya mti, akasema anasubiri jua.

Basi tukasubiri jua. Mmoja wa wale wanawake alikuwa na mihogo mibichi, akawasha moto pale pale kando ya njia, tukachoma. Alimpelekea Baba Rehema kipande kizuri, akamsalimia, "Shikamoo babu." Baba Rehema akaitikia kwa mkono tu, kisha akageuza uso dirishani. Nilimwona. Nikasema moyoni, tumekuja mbali hivi lakini bado yumo chumbani.

Mohoro tulifikia kwa Bi Tatu, mjane anayefanya biashara ya mchele na mwenye boti yake ya mashine. Ni mwanamke mnene, mcheshi, anayeuliza swali huku anakutilia wali wa pili.

"Mnakwenda kwa nani huko visiwani?"

"Hatuendi kwa mtu."

"Mna shamba?"

"Hatuna."

"Mganga?"

"Hapana, dada yangu. Tunakwenda kuona mto unapoishia."

Akaweka upawa chini. "Sasa mtu anakwendaje mahali asipokuwa na mtu?"

Tulikaa kwake tukisubiri bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari yanajaa sana na boti nzito hupita mifereji yote. Kusubiri kule kulinipa nafasi ya kumweleza Bi Tatu tulivyokuwa tunatenga, msimu kwa msimu, hata ile miaka ya korosho kuoza. Aliniuliza maswali mengi kuliko Rehema. Siku ya kuondoka akaniambia, "Mimi nimewajengea watoto wangu wote. Nilikuwa nawaza, nikizeeka nani atanitembeza?"

"Jitembeze," nikamwambia.

Akacheka, kisha akatazama mto. Nilijua limemwingia.

Mohoro hadi visiwani

Nahodha wa Bi Tatu anaitwa Mfaume, mtu wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana. Maji yalikuwa hayajafika ukingoni, kwa hiyo kulikuwa na tope la kuvuka kabla ya kufikia boti. Mfaume akachuchumaa mbele ya Baba Rehema. "Panda mgongoni, mzee wangu. Nimebeba magunia mazito kuliko wewe."

Baba Rehema akakataa. Mfaume akadhani hasikii, akarudia kwa sauti kubwa. Baba Rehema akavua viatu, akavifunga shingoni kwa kamba, akakunja suruali, akaingia. Mguu wa kushoto ulizama ukagoma kutoka. Nikamfuata, Mfaume naye akamfuata, tukaona anauinua kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa muhogo, anauweka mbele, anapumzika, anauinua tena. Watu waliokuwa kwenye boti wakasimama kumtazama. Alipofika aligeuka, akakaa ukingoni mwa boti, akajitupa ndani kwa mgongo. Suruali haikufaa tena. Nikamtolea kanzu aliyoileta kwa ajili ya Ijumaa, akaivaa, na kofia juu. Mkumbuke hiyo kanzu, kwa sababu ndiyo iliyotuponza.

Kuhusu mikoko niseme nini? Mimi nimezaliwa bara, nilidhani ni miti tu. Ni ukuta. Mfereji unageuka, unagawanyika, unagawanyika tena, na kila upande unafanana na mwenzake. Katikati ya mikoko panafunguka ghafla shamba la mpunga, na dungu limesimama juu ya nguzo zake, na mtu yumo ndani anafukuza ndege. Tukipita anatupigia kelele, "Mnatoka wapi?" Mfaume anajibu, "Mohoro!" "Wale wazee wanakwenda kwa nani?" Na Mfaume, aliyekwisha kutuzoea, anajibu, "Hawaendi kwa mtu!" Nyuma yetu tunasikia kicheko kinabaki shambani.

Kijiji cha posa

Jina la kijiji nalihifadhi, maana wenyeji hawakuniomba niwataje. Mfaume alitushusha pale tupumzike, akaenda kushusha mchele upande wa pili wa kisiwa. Tulikuwa hatujapiga hatua tatu kutoka majini, vigelegele vikaanza. Wanawake wakaja wanakimbia, wakanipokea begi, wakanifunika kanga mpya mabegani. Wanaume wakampokea Baba Rehema, mmoja huku, mmoja kule, wakamkalisha barazani kwenye mkeka mpya.

"Samahani jamani," nikasema, "sisi ni wasafiri tu."

"Tunajua mmesafiri mbali," akajibu bibi mmoja, jina lake Bi Mwanaidi. "Kaeni kwanza. Maneno baadaye."

Chakula kikaja. Wali wa nazi wa mchele mpya, kamba waliopikwa kwa tui zito, kaa wakubwa wa mikokoni, samaki wa kupaka. Kila nikifungua mdomo kueleza, mtu anautilia kitu. Nilimsikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake, akimwangalia mume wangu na kanzu yake, "Huyu mtu mzito. Umemwona? Hasemi ovyo." Watu hawajawahi kuheshimiwa kwa kiharusi, lakini siku ile nilishuhudia.

Sahani zilipoondolewa, mwenye nyumba, Mzee Kassimu, mtu mkavu mwenye ndevu nyeupe, akakohoa. "Haya, wakwe zetu. Asubuhi tuliwasubiri hamkuonekana, lakini tumesamehe. Mmekuja na neno gani kuhusu binti yetu?"

Ndipo nikaelewa. Nyumba ile ilikuwa inasubiri wajumbe wa posa kutoka upande wa kaskazini wa delta, nasi tulikuwa tumekula chakula chao. Nikaeleza. Bi Mwanaidi, mama yake Mzee Kassimu, alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akajilaza mkekani. Mzee Kassimu hakucheka hata kidogo.

Wakati ule ule wajumbe wenyewe wakatokea. Walikuwa watatu, tope limewafika kifuani, mjomba wa bwana harusi akiwa mbele amebeba kifurushi juu ya kichwa. Boti yao ilikuwa imekwama maji yalipokupwa. Wakaiacha, wakaja kwa miguu wakikata mikoko.

Mzee Kassimu hakuwapa nafasi ya kukaa. "Tulisema asubuhi."

"Mzee, maji yalitukimbia," akasema mjomba.

"Maji kila mtu anayajua hapa. Kama posa mnachelewa namna hii, mwanangu akishikwa na uchungu mtamfikisha hospitali lini? Dada yake alifia ndani ya mtumbwi. Rudini kwenu."

Nyuma ya mlango nikasikia mtu analia kwa kujizuia. Alikuwa binti mwenyewe. Mjomba naye akapandisha hasira, akasema hawakuvuka tope lile lote kuja kufukuzwa kama kuku. Wanaume wakasimama. Mimi nilijua kinachofuata, maana nimeshashona watu wa ugomvi mdogo kuliko ule.

Nikasikia fimbo inagonga sakafu. Baba Rehema alikuwa anainuka. Hakuna aliyemsaidia, walikuwa hawamtazami. Akasimama wima, akafungua mdomo, na mdomo ukakataa. Nikataka kumsemea. Akanizuia kwa mkono.

"Mimi," akasema. "Mimi... kivuko. Ndundu."

Watu wakageuka. Yule mzee mzito alikuwa anasema.

"Nilifanya... kazi. Kila siku watu wanachelewa. Gari la mgonjwa. La maiti. La bwana harusi. Wote wananitukana mimi." Akapumua. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, akayafuta kwa mkono wa kanzu, akaendelea. "Na mimi nawatazama. Wengine... wanageuza gari. Wanarudi. Wengine wanalala pale pale, mpaka maji yanakubali. Mzee mwenzangu. Hofu yako naijua. Lakini hawa... tazama. Boti imekwama. Njia ya kurudi walikuwa nayo. Hawakurudi." Akaonyesha miguu ya mjomba. "Siku ya uchungu... mpe binti yako mtu asiyerudi."

Akakaa. Kanzu ilikuwa imelowa jasho. Nilimtazama kama siku ya kwanza aliponijia zahanati kufungwa kidonda.

Mzee Kassimu akaitazama miguu ya mjomba. Magamba ya chaza yalikuwa yameikatakata, damu inachanganyika na tope. Akaitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Leteni maji, waoge."

Bi Mwanaidi akapiga kigelegele kimoja, kikali, na nyumba nzima ikamfuata. Mimi nikafungua begi langu, nikatoa dawa na bandeji, nikamwosha mjomba miguu. Halafu nikaingia jikoni kukuna nazi, kwa kuwa wageni halisi walikuwa na njaa na chakula chao kimo tumboni mwetu. Kutoka jikoni nilisikia sauti ya mume wangu barazani. Ilikwama, ikarudi nyuma, ikaanza tena. Walikuwa wanamuuliza habari za kivuko, naye anawajibu mmoja mmoja. Posa ilikubaliwa jioni ile, na Mzee Kassimu akamtaka Baba Rehema akae upande wake wakati wa kusoma dua.

Mdomoni mwa mto

Kesho yake Mfaume alipokuja kutuchukua, Mzee Kassimu akapanda boti pamoja nasi. Alisema anakwenda kuangalia nyavu, lakini hakuangalia nyavu zozote. Mikoko ikawa mifupi, mfereji ukatanuka, upepo ukabadilika harufu. Kisha ukuta wa miti ukakatika pande zote mbili, na boti ikaanza kucheza.

Baba Rehema aliweka mkono juu ya macho, akatafuta mbele.

"Ng'ambo iko wapi?" akauliza.

"Hakuna ng'ambo hapa, mzee," akajibu Mfaume. "Huku ni bahari tu."

Mume wangu alianza kucheka. Maisha yake yote ya kazi, kila alipoinua macho, kulikuwa na ukingo mwingine mbele, na watu wanasubiri wamechukia. Akacheka mpaka Mzee Kassimu naye akaambukizwa bila kujua sababu. Mfaume akatusogeza kwenye fungu la mchanga. Baba Rehema akashuka, fimbo akaiacha kwenye boti, akanishika bega, tukaingia majini mpaka magotini. Akachota, akaonja, akatema. "Chumvi," akasema. "Mama Rehema, yamefika."

Nami nililia. Sikuwa na kisingizio cha ugonjwa.

Nyamisati hadi nyumbani

Kutoka pale hadi Nyamisati boti ilijaa watu wa sokoni na vikapu vya kamba waliokaushwa. Mama mmoja aliuliza lile swali la kila mtu, kwamba tunatoka kwa nani. Nikavuta pumzi kujibu, lakini Baba Rehema alinitangulia, na njia nzima sikupata nafasi ya kusema. Alipokwama kwenye neno, abiria walimsubiri. Nyamisati tukapanda gari hadi Bungu, na Bungu tukasubiri jingine mpaka viuno vikagoma.

Rehema alikuwa anatusubiri stendi ya Kibiti. Alikuwa amekodi bajaji, ametandika godoro dogo ndani, na amekuja na jirani mwenye nguvu wa kumbeba baba yake. Alipotuona akakimbilia mlango wa gari na mikono mbele.

Baba Rehema alishuka peke yake, polepole, mguu wa kulia kwanza, kisha akauvuta wa kushoto. Akasimama katikati ya stendi, mbele ya makondakta na wauza machungwa, akasema kwa sauti iliyowageuza watu:

"Rehema, niache mimi. Mshike mama yako, miguu imemvimba."

Rehema akanigeukia mimi. Ilikuwa kweli, miguu ilikuwa imenivimba hadi viatu haviingii. Nikampa begi, nikampa na uzito wangu wote, nikalazwa kwenye godoro alilomtandikia baba yake. Bajaji ikaondoka taratibu, na Baba Rehema akatembea kando yake, akimsimamisha kila tuliyekutana naye njiani kumwambia kwamba mto hauna ng'ambo.